Wanaotafuta mtoto Lamu wapangiwe vipimo kwa siku zao, na waume waitwe mapema

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Jina langu na namba ya simu unavyo, ila nakusihi usivichapishe. Lamu ni mji mdogo. Mtu akipiga chafya Mkomani, Langoni wameshamwombea.

Kilichonishikisha kalamu ni barua ya msomaji wako mmoja aliyewalaumu wanawake kwamba wanauchezea ujana, kisha wakikaribia arubaini ndipo wanapojazana kwa madaktari kutafuta watoto. Simjui bwana huyo na sina ugomvi naye. Mimi nina miaka 41. Ni fundi cherehani, nashona madera, na kanzu za watoto Maulidi yakikaribia. Niliolewa nikiwa binti, ndoa ikavunjika kabla haijatulia. Halafu mama yangu akapooza upande mmoja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani sina mume, ni mimi niliyemuogesha na kumlisha mpaka Mungu alipomchukua. Waliokuja kuposa miaka ile walitaka mke tu, hawakutaka mke pamoja na mkwe aliyelala kitandani. Nilikuja kuolewa tena nina miaka 37, na mtu mwema, mgane, fundi wa milango ya nakshi, mwenye watoto wanne wakubwa. Kama huko ndiko kuchezea ujana, basi niliuchezea.

Hayo nayaacha hapo. Ninalotaka kusema linahusu kinachompata mwanamke wa huku kwetu akishafunga safari ya kwenda kupimwa.

Kwamba umri unapunguza, sihitaji kukumbushwa. Daktari wa kwanza aliyekaa nami vizuri alinieleza kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja au mbili. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na hayaongezeki tena. Mwanamke wa miaka 25 ana kama nafasi moja kati ya nne ya kushika mimba kila mwezi anaojaribu. Akifika 40 ni kama tano kati ya mia, na hizo mimba zinazoingia, nyingi kuliko za kijana huharibika mapema. Ndiyo maana madaktari humwambia mke wa miaka 25 ajaribu mwaka mzima kabla ya kuhangaika na vipimo, aliyepita 35 wanampa miezi sita, na wa 40 wanamwambia aanze sasa hivi. Kwa hiyo mwezi mmoja ukipotea bure, kwa kijana si neno. Kwangu mimi ni hasara ambayo hakuna wa kunifidia.

Na vipimo vyenyewe vina siku zake. Damu ya homoni ya FSH, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kwenda kuyaamsha mayai, hupimwa siku ya pili mpaka ya nne tangu hedhi ianze. Ikiwa juu sana, ni dalili kwamba mayai yamepungua. Picha ya mirija inayopitisha yai kwenda kizazini, ile ya eksirei ambayo hutiwa dawa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane inapita wapi na inagota wapi, hupigwa damu ikishakatika na kabla yai halijatoka. Baada ya hapo huwa hawapigi, kwa sababu huenda mimba imeshatunga. Damu ya homoni ya projesteroni, inayothibitisha kwamba yai limetoka kweli, hupimwa kama juma moja kabla ya hedhi inayofuata. Ukikosa siku hizo, ngoja mwezi mwingine.

Sasa Mhariri, katika jambo hili la kuhesabu siku, mwanamke wa Kiislamu hafundishwi na mtu. Tangu avunje ungo anajua ameacha kuswali lini na ametohirika lini, na deni lake la Ramadhani ni la siku ngapi. Wasichana wananionyesha programu za simu za kuhesabu mwezi; mimi nina daftari la vipimo vya wateja, na kurasa zake za nyuma ni zangu mwenyewe, miaka na miaka, kwa kalamu. Mtu akiniuliza siku yoyote ya mwaka juzi nilikuwa katika hali gani, nitamjibu.

Hakuna aliyeniuliza. Kliniki niliyoelekezwa Mombasa, ambayo sitaitaja, ilinipangia kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Mashine ya picha hufanya kazi siku fulani za juma, na Alhamisi iliyokuwa na nafasi ndiyo hiyo. Nilimwambia karani kwa simu kwamba Alhamisi hiyo nitakuwa nimepitisha. Akasema, “Mama, wewe njoo tu, daktari ataangalia.” Nikaenda.

Anayekaa Mombasa hawezi kujua hiyo “njoo tu” ina uzito gani kwa mtu wa kisiwani. Ni kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, kushuka gatini na mkoba, kuvuka kwa boti mpaka Mokowe, kisha basi: Hindi, Witu, Gamba, Minjila, Malindi, Kilifi. Zaidi ya kilomita 300, na vizuizi vya askari njiani, mnashushwa mnapangwa foleni vitambulisho mkononi. Unafika miguu imevimba, ndipo uanze kutafuta pa kulala. Kazi za wateja umeziacha, na mteja wa dera la harusi haelewi habari ya mirija, wala huwezi kumweleza.

Asubuhi yake yule wa picha, kijana mwenye adabu, aliniuliza leo ni siku ya ngapi. Nikamwambia. Akasema, “Samahani mama, yai lako huenda limeshatoka. Itabidi urudi mwezi ujao.” Yeye hakuwa na kosa hata kidogo. Mwenye kosa ni aliyeandika tarehe bila kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Na mwezi uliofuata ndio ule wa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023; mto Tana ukafurika, barabara ikamezwa na maji upande wa Gamba na mabasi yakasimama. Hiyo ni kudra, simlaumu mtu. Lakini kama ningepigwa picha ile mara ya kwanza, mafuriko yangenikuta nimemaliza.

Kuna na hili la siku ya 21, ambalo mpaka leo likinijia nacheka peke yangu. Nilipewa karatasi imeandikwa kwamba damu ya projesteroni ipimwe siku ya 21. Nikatii. Jibu likaja chini, nikaambiwa mayai yangu hayapevuki, nikaandikiwa vidonge vya kuyapevusha. Mimi mwezi wangu ni wa siku 24 hivi. Ulikuwa 28 nikiwa msichana, ukafupika nilipopita miaka 35, na baadaye nikaambiwa kufupika huko ni kawaida ya umri. Siku ya 21 ni ya mwanamke wa siku 28. Mimi siku yangu ilikuwa ya 17. Hiyo 21 homoni ilikuwa imeshaanza kushuka kujitayarisha kwa hedhi. Fundi hamkatii mtu nguo kwa kipimo cha jirani yake. Nilipopimwa tena kwa siku yangu, jibu likawa zuri kabisa, yai linatoka, na vile vidonge nilikuwa nimevimeza kwa tatizo nisilokuwa nalo.

Kati ya vipimo vyangu, kimoja tu ndicho kisichojali siku, nacho ni cha homoni ya AMH. Damu hutolewa wakati wowote wa mwezi. Hicho nilikipenda kabla sijapata jibu lake. Jibu lilikuja kwa WhatsApp, saa nne asubuhi, nina pini mdomoni, mteja amesimama mbele yangu na dera lisilopindwa chini. Namba ilikuwa 0.6. Chini yake yameandikwa maneno machache kwamba akiba ya mayai iko chini sana na nifikirie kuchangiwa yai na mwanamke mwingine. Nikazitoa pini mdomoni moja moja, nikamaliza kumpima yule binti, nikamwambia arudi Jumamosi. Alipotoka ndipo nilipofunga mlango wa duka.

Kwanza, hilo la kuchangiwa yai kwa dini yangu halipo, na kama mtu angeniuliza swali moja angelijua. Pili, namba ile haikumaanisha nilivyodhani. Aliyenieleza ni muuguzi wa hapa hapa Lamu, mwanamke aliyekuwa ameshavua sare anataka kwenda zake nyumbani. Alinikalisha kwenye benchi akaniambia kwamba AMH inaonyesha mayai yaliyobaki ni mengi au machache. Haisemi kama ni mazuri. Uzuri wake unafuata umri. Na mwanamke ambaye bado yai linatoka kila mwezi anaweza kushika mimba hata kama namba yake ni ndogo. Kazi kubwa ya kipimo hicho ni kumsaidia daktari kukadiria mwili utaitikiaje sindano za kukuza mayai, kwa wale wanaokwenda kutungiwa mimba maabara. Maneno ya muda wa kikombe cha kahawa! Kwa nini hayakuja pamoja na ile namba?

Picha ya mirija hatimaye nilipigwa. Sitawadanganya wenzangu, inauma. Ni kama maumivu makali ya hedhi yaliyokusanywa kwa dakika chache, na inasaidia kumeza dawa ya maumivu kama saa moja kabla. Mrija wa kushoto dawa ilipita ikamwagika upande wa pili. Wa kulia iligota. Daktari aliyeisoma picha, mtu mzima wa makamo, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nikiwa mtoto niliwahi kukojoa damu?

Nilishangaa alijuaje. Likizo zote za utotoni nilikuwa kwa bibi yangu mzaa mama, Ozi, karibu na mto Tana unapoingia baharini. Tulishinda kwenye mashamba ya mpunga, tunaoga kwenye mifereji, tunafua humo humo. Kukojoa damu kulikuwa kwa kawaida kiasi kwamba wavulana walikuwa wakishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi. Hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Daktari akaniambia hicho ni kichocho, na mayai ya minyoo yake hayakai kwenye kibofu peke yake. Kwa wanawake huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi, kwenye kizazi chenyewe na kwenye mirija, yakaacha makovu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ila kovu haiondoi. Hakusema kwa yakini kwamba ndicho kilichouziba mrija wangu. Kisonono, klamidia na hata kifua kikuu cha kizazi huweza kufanya hivyo hivyo, na vingine humpata mtu asijue. Lakini aliniambia kila mwanamke aliyekulia kando ya Tana aulizwe swali hilo mapema. Nawaandikia wenzangu wa Kipini, Ozi, Kau na Witu: mkienda kwa daktari, na asipouliza, semeni wenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakandwa. Mkunga wa mtaani, Mungu amrehemu, alisema mji wangu wa uzazi umeshuka na nina chango. Alinikanda tumbo kwa mafuta ya nazi, akanifukiza, akanipa mizizi ya kuchemsha. Sina baya la kumwambia. Alinigusa kwa huruma kuliko kliniki zote nilizopita, na alijua kuuliza siku zangu kabla hajaanza kazi. Ila mikono yake isingeweza kuona mrija ulioziba.

Sasa nije kwa bwana wangu, na hapa ndipo ninapotaka wanaume wasome.

Tangu nianze kupimwa, hakuna kliniki hata moja iliyomwita. Watu hudhani alikataa. Hakukataa, hakuombwa! Alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni, anakaa kwenye benchi la nje na wanaume wengine, anasoma gazeti, pengine hili lako, mpaka nitoke. Yeye mwenyewe aliamini ya kwake yamekwisha, kwa kuwa ana watoto wanne, na dada zake waliamini hivyo kwa sauti ya juu zaidi. Wifi yangu mkubwa alikuwa akiniletea vifurushi vya udi na maji ya kombe kila baada ya wiki chache, na kila kifurushi kina maana yake.

Ni daktari kijana wa kike, huko Malindi, aliyeinua macho kutoka kwenye faili langu nene akauliza, “Na baba yuko wapi?” Nikamwambia yuko nje. Akasema, “Kamwite.” Akamweleza kwa heshima, akimwita mzee wangu, kwamba kati ya wanandoa wasiopata mtoto, karibu nusu upande wa mume nao una mchango, na kwamba mtu anaweza kuzaa akiwa na miaka 30 kisha mbegu zikapungua baadaye. Mtoto wake wa mwisho ana miaka 19. Akamwambia pia kipimo chake hakina sindano wala eksirei. Kwa bei, hakikufika hata robo ya ile picha yangu ya mirija.

Bwana wangu ana haya kama wazee wa Lamu walivyo. Kilichomkwaza hakikuwa kipimo, kilikuwa namna ya kuitoa hiyo mbegu. Akaenda kwa sheikh wake, si kwa simu, akamfuata mpaka nyumbani baada ya Isha. Sheikh akamjibu kwamba hilo ni la dharura ya tiba, na njia iliyo salama kabisa ni mke wake mwenyewe amsaidie. Akamwongezea asiloulizwa: kwamba tangu mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Gad al-Haq, alitoa fatwa kuruhusu hata mimba ya kutungwa maabara, mradi mbegu ni ya mume, yai ni la mke, ndoa ipo, na hakuna mtu wa tatu aliyeingia. Bwana akarudi nyumbani uso umekunjuka.

Kuna masharti. Mume na mke wasikutane kwa siku mbili mpaka saba kabla. Kile kichupa kifike maabara kabla saa moja haijapita, na kibaki na joto la mwili. Kwa Lamu hilo lisingewezekana, maana pale Malindi ndipo tulipoandikiwa, basi tukachukua chumba cha kulala wageni karibu na maabara. Naandika haya kwa staha, ila naona ni lazima yaandikwe, kwa sababu najua waume wanaoliogopa jambo hili kwa kutolijua. Tulimaliza salama. Bwana akakifunga kichupa kwenye kikoi, chini ya kanzu, kiunoni, akaita tuktuk. Dereva akataka kusimama sokoni kuchukua abiria wengine. Mume wangu, mtu asiyepandisha sauti hata kwa wanafunzi wake wa useremala, akamwambia, “Kijana, viti vyote nalipa mimi, endesha!” Yule kijana nadhani alituona tunakimbilia maiti. Mimi nilikuwa nimeuma mtandio nisicheke.

Jibu: milioni 7 kwa mililita. Kiwango cha chini anachotumia daktari, kile cha Shirika la Afya Duniani, ni milioni 16. Na zinazoogelea mbele zilikuwa chache. Akaambiwa arudie baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa na huenda homa au dawa ilizipunguza. Akarudia, ikawa vile vile. Alipochunguzwa ikaonekana mishipa ya korodani upande wa kushoto imevimba, jambo ambalo wanaume wengi wanalo bila kujua, na ambalo huongeza joto mahali panapotakiwa pawe na ubaridi.

Kwa hiyo hesabu yetu ni hii: mrija mmoja wangu, akiba ndogo, umri, na mbegu chache za bwana. Miaka yote ile tulikuwa tunapima nusu ya nyumba. Na hilo la bwana ndilo lililokuwa jepesi zaidi kujulikana, na ndilo lililojulikana mwisho.

Nimpe haki yake. Aliporudi Lamu hakumwachia mtu habari hiyo aje kuisikia barazani. Alikwenda mwenyewe kwa dada yake mkubwa, akakaa, akanywa chai, akamwambia, “Usimpelekee tena mke wangu makombe. Majibu yangu ni haya.” Wapo wanaume wangapi wa kufanya hivyo, sijui, ila wangu alifanya. Wifi sasa huniletea halua.

Tunakoelekea hatujaamua. Mishipa ile hutibiwa kwa upasuaji mdogo, lakini lazima kungoja miezi kuona kama mbegu zitaongezeka, na miezi ndiyo ambayo mimi sina. Njia nyingine ni mbegu moja kudungwa ndani ya yai maabara kisha mimba irudishwe kizazini. Kenya jambo hili si geni. Watoto wa kwanza wa kutungwa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Bei tuliyotajiwa inapita nusu milioni kwa jaribio moja, nayo bima yetu haiigusi, na kwa mayai ya mwanamke wa umri wangu jaribio moja halina hata nafasi moja kati ya tano ya kuleta mtoto. Daktari hakutuficha hilo, na ninamheshimu kwa kutokutuficha. Bwana ana kiwanja Hindi. Mimi nasema kisiuzwe, yeye anasema kiwanja hakimwiti mtu baba. Watoto wake wanne wanamwita baba, namkumbusha, naye hunyamaza kidogo kisha tunaanza upya. Huo ni mjadala wa nyumbani kwetu, haukuhusu Mhariri.

Linalowahusu wengine ni haya. Anayepanga miadi ya vipimo hivi, iwe Mombasa, Malindi au Lamu, aanze kwa kuuliza hedhi ilianza lini na mwezi wako ni wa siku ngapi. Ikibidi mwanamke apige simu siku ya kwanza ya hedhi ndipo apewe nafasi, na mtu wa mbali awekwe mbele, kwa sababu hawezi kurudi kesho. Mume apewe karatasi ya maabara siku ile ile mke anapopewa ya kwake. Asiachwe kwenye benchi la nje na gazeti. Majibu yatolewe na mtu anayeweza kujibu swali, hata kwa simu, lakini kwa mdomo. Na huku kwetu, jamani, tusikalishwe kwenye foleni moja na kina mama wajawazito. Hatuwaonei kijicho. Ni kwamba ukikaa pale, kabla hujafika nyumbani mtaa wote umeshakupongeza kwa mimba, na wewe huna.

Kisha nina swali kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Lamu, na ningeomba walijibu kupitia ukurasa huu. Damu ya homoni haihitaji mwenyewe asafiri nayo. Ikishatengwa maabara na kuwekwa kwenye ubaridi, inaweza kusafirishwa. Je, hospitali zetu zinaweza kutoa damu hiyo hapa hapa siku inayotakiwa na kuituma Malindi au Mombasa? Kama huduma hiyo ipo, tutangaziwe ni dirisha gani na ni siku gani za juma. Kama haipo, tuambiwe inakosa nini: friji, gari au mtu. Nina dada wawili wa mtaa huu, wote wamepita 38, wanaopanga kupanda basi mwezi ujao kwenda kutolewa vichupa viwili vya damu na kurudi, na jibu la swali hili linaweza kuwaokolea nauli.

Wako,
Fundi wa madera,
Langoni, Lamu